Mti wa Mume Mwenzangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne upande wa Kibaha walikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za ofisini. Mimi nilirudi Kisarawe, nikaingia uani kwa bibi yangu, nikavua viatu, na kusema kweli sijavivaa sawasawa tangu siku ile. Kwa hiyo nikikwambia najua kupanda mti wa maua ya makaburini, usidhani najisifu. Nimeutazama miaka mingi kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Mti wenyewe unaujua. Matawi manene kama vidole vilivyovimba, utomvu mweupe, maua meupe yenye kiini cha manjano ambayo harufu yake huzidi jua linapotua. Wetu ulisimama kichwani pa kaburi la babu, nyuma ya nyumba ya zamani, na kila Alhamisi bibi alikuwa akifagia chini yake.

Kisha tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Mzenga, nyumba zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Bibi alikuja, lakini alikuja kama mgeni. Chungu chake, kata yake na miiko yake alivifunga ndani ya kaniki, mzigo akauweka mlangoni, na hakuufungua. Alipikia sufuria yangu, tena kwa kununa.

"Mimi narudi kwa mume wangu," alisema.

"Mume yupi tena, bibi? Si mimi hapa?" Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo hauna likizo.

"Wewe mume mdogo. Mkubwa yuko kule, hana wa kumfagilia."

Ningecheka, ila nilimjua. Angekwenda kweli, akaishi peke yake kwenye mahame ambako nguruwe pori walishaanza kulala jikoni mwetu. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuwa hapati usingizi, maana angeulizwa yeye. Na mimi, tusifichane, nani angenipikia?

"Nikikuletea mti wake hapa mlangoni," nikamwambia, "utafungua mzigo?"

"Mti utoe ua kwanza."

Nikaenda mahameni na panga, nikarudi na fungu la matawi. Sasa, mtu wa Kisarawe ukimpa kijiti chochote akipande, atakipanda kama muhogo. Mkono wenyewe ndivyo unavyojua. Niliyakata vipande, nikavichomeka siku ile ile kwa kuvilaza kidogo, utomvu bado unachuruzika, nikashindilia udongo kwa kisigino. Kisha elimu yangu ya sekondari ikanikumbusha kwamba mmea huhitaji maji, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ukame ulikuwa mkali, watu wakigombania foleni kisimani, na mimi nanywesha vijiti.

Vilioza vyote. Ukikivuta kimoja kinakuja laini kama ndizi iliyopitiliza, kinanuka kama muhogo uliosahaulika kwenye maji. Balozi, ambaye ni mtani wetu, hakukosa hata siku moja.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuhani. Nasikia msomi amezika tena."

"Marahaba. Mwambie achimbe na la kwake, tumalize kazi."

Nikaenda kuleta matawi mengine. Nayo nikayazika. Tawi moja tu lilibaki, nikalitupa juu ya paa la banda la kuku, nikisema nitalipanda kesho. Unanijua sasa: kesho yangu ina miguu mifupi. Nilikuja kuliona siku nilipopanda kuziba paa. Ngozi imekunjamana, pale nilipokata pamekauka pakawa pagumu kama kovu, na kwenye ncha kumechomoza kijani kidogo, kikali kama jino la mtoto.

Nilikaa juu ya banda nikalitazama. Yale niliyoyahudumia kwa moyo yamekufa, na hili nililolitelekeza linaota! Ndipo nikaelewa. Tawi hili limejaa maji yake lenyewe. Linataka kidonda kifunge kwanza ndipo liguse udongo. Uvivu wangu ndio uliokuwa dawa. Nilikuwa nimezaliwa kwa ajili ya mti huu.

Basi nisikilize, maana hapa sibahatishi. Kata tawi, laza kivulini mpaka kidonda kiwe kikavu kabisa. Lipande wima kwenye debe bovu lililotobolewa chini, kwa mchanga wa mtaroni uliochanganywa na udongo kidogo. Weka juani. Halafu kaa. Maji utayatoa siku majani yatakapokuomba.

Nililipanda hivyo lile la bandani, likashika. Likatoa majani marefu, bibi akawa anapita karibu nalo akijifanya anatafuta kuku. Halafu kikaja kipupwe, majani yakawa manjano, yakaanguka yote. Kikabaki kijiti kitupu.

Asubuhi hiyo nilimkuta bibi amejitwisha mzigo wake.

"Amekataa," akasema. "Mume wangu hapataki hapa. Nipishe."

Balozi alikuwa ameshafika, na safari hii hakuwa na mzaha. "Bibi, nakuomba. Mti ni mti tu."

"Haujafa," nikasema.

"Msomi, hata jani moja hauna."

"Na ule wa kule mahameni, bibi, kipupwe huwa una majani?"

Nikakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kijani kibichi, na tone jeupe likatoka, likasimama pale. Bibi aliinama na mzigo wake kichwani, akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

"Ana maziwa bado," akasema. Akatua mzigo. Hakuufungua.

Mvua zikaja zikapita, na mti ukajaa majani bila ua. Nikagundua paa linaukinga jua la mchana, nikaburuta debe hadi katikati ya uwanja, watu wakiuliza kama tunahama tena. Ua la kwanza lilifunguka msimu wa joto uliofuata. Nilikuwa nimekaa kizingitini, kama kawaida yangu, nikasikia nyuma yangu kaniki inafunguliwa na chungu kinagusa sakafu.

Jioni balozi akatupitia. "Hodi wenyewe. Leo hakuna msiba?"

"Karibu, ukae," bibi akajibu, akikoroga kisamvu kwa mwiko wake mwenyewe. "Mume wangu mkubwa amehamia. Sasa huyu mdogo mtafutieni mke, aondoke. Nyumba ni ndogo."

Nilikula kile kisamvu, nikaongeza sahani. Sikuondoka.