Miezi Mitatu Bila Mawese

Sista wa kliniki alinipa miezi mitatu. Lehemu yangu, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda, alisema. Hedhi ikishakoma, homoni iliyokuwa ikimlinda mtu huondoka nayo. Tujaribu chakula kwanza, isiposhuka tutaanza vidonge. Nikamwambia asante, kama mtu aliyeelekezwa choo kilipo. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mama yangu alianguka jikoni kwake Tanga akiwa na hamsini na tatu, moyo, na daktari alitutajia lehemu baada ya mazishi, wakati neno hilo halina kazi tena. Nilitegemea kuogopa. Nilichohisi ni kiti cha plastiki kuninata mapajani.

Ndivyo nilivyokuwa mwaka huo. Joto la ghafla lilinipanda hadi masikioni, likashuka, na likishashuka halikuacha kitu. Niliahidiwa hasira na machozi. Niliwaonea wivu wanaolia.

Nahariri tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu kule Westville, na kazi hiyo imenizoesha kumtafuta mkosaji mapema. Nilimpata mlango wa pili, kwenye ghorofa letu la Berea. Jirani yangu ni msusi, Mkongomani, mgeni kama mimi huku kusini mwa Afrika, na kila Jumamosi huniletea bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa hadi yakubali, yamezungukwa na pete nyekundu ya mafuta ya mawese. Nami silirudishi tupu. Kwao kama kwetu, bakuli tupu ni tusi. Hurudi na maharage ya nazi, au samaki wa kupaka. Kwa miaka sita limekuwa likivuka korido hivyo.

Jumamosi ile niliitazama pete nyekundu nikaona adui. Nikamwaga sombe kwenye mfuko wa taka, nikaufunga mafundo mawili, nikaosha bakuli na kulijaza maharage ya nazi. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Niliacha pia nyama, siagi na mayai ya kukaanga, na kila asubuhi nilipanda mlima wa Berea kwa miguu, nikipitwa na vijana wanaovuta sigara.

Nazi haikunijia hata akilini. Nazi ni ya kwetu. Mbuzi ya mama ya kukunia, mguu mmoja umelegea, ndiyo kitu pekee nilichochukua kwenye nyumba yake, na kuikalia na kukuna bila kuwaza chochote ndiyo raha niliyobaki nayo. Nyama ilipoondoka, tui likaongezeka: mchicha wa nazi, ndizi za nazi, tui zito juu ya kila kitu. Muuzaji wangu wa nazi kwenye soko la Warwick, ambaye wateja wake wengi ni Wahindu wanaonunua nazi za kupeleka hekaluni, aliniuliza siku moja, “Mama, unasali sana. Kuna mgonjwa nyumbani?”

Nikamwambia yupo.

Miezi mitatu ilipokwisha, sista alisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena. Lehemu ilikuwa imepanda zaidi.

“Unakula nini, Mama? Anza asubuhi.”

Nikamtajia orodha, kwa fahari kidogo. Alinisimamisha kwenye mchicha.

“Hilo tui, kiasi gani?”

“Nazi moja.”

“Kwa wiki?”

“Kwa mlo.”

Akaweka kalamu chini. “Eish, Mama.”

Akanieleza taratibu, kama anavyostahili kuelezwa mtu mwenye shahada mbili, kwamba mafuta ya nazi nayo ni yale yale yanayoganda na kupandisha lehemu. Kila Julai, baridi ikiingia, nimeyaona yameganda kwenye chupa, nikayachokonoa kwa kijiko nikapaka nywele. Kisha akauliza habari za mama yangu, jambo ambalo mara ya kwanza sikulitaja. Nilipomjibu akasema, “Basi hatusubiri,” akaandika vidonge.

Jumamosi hiyo nilirudisha bakuli na maharage ya kitunguu na nyanya. Jirani alionja akiwa amesimama mlangoni.

“Dada, nazi iko wapi?”

Nikamwambia yote, pamoja na mfuko wa taka.

“Donc, kumbe sombe yangu ulikuwa unatupa, na mimi ulikuwa unanilisha nazi yako?”

“Ndiyo.”

“Na mimi kila siku nasema, huyu Mtanzania anajua kupika, nakunywa mpaka mchuzi!” Alicheka hadi akashika ukuta. “Mwenye masomo, unataka kuniua!” Kisha akafuta macho. “Mama yako alikufa na miaka ngapi?”

“Hamsini na tatu.”

“Na wewe?”

“Natimiza mwezi ujao.”

Akachukua bakuli lake akaenda.

Niliifuta mbuzi, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka juu ya kabati. Nikasimama kidogo nikisubiri kuhisi kitu. Simu ikalia, mwanafunzi, marejeleo yake yamepotea.

Jumamosi iliyofuata jirani alibisha hodi na bakuli. Sombe ya kijani tupu, bila pete.

“Nimepika na maji na kitunguu,” alisema. “Haina utamu hata kidogo. Leo tunakula pamoja, nikuone ukimeza.”

Tulikula mezani kwangu, kidonge kikiwa kando ya glasi. Kweli haikuwa na utamu. Tulimaliza yote. Aliponyanyuka akaliendea bakuli, nikalishika upande wa pili.

“Liache,” nikasema. “Bado sijajua nilirudishe na nini.”