Nilitegea kwelea sumu shambani, aliyeenda kulazwa ni mzee wa jirani

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha. Sitaongeza chumvi, na majina nimebadilisha kwa sababu shauri halijaisha.

Mimi ni mkulima wa mpunga, huku Masumbwe ukishaipita kidogo. Zamani nilikuwa kwenye maduara ya dhahabu upande wa Bulyanhulu, mgongo ukakataa, nikarudi kwenye majaruba ya mpunga. Niite Baba Kulwa.

Msimu huu mpunga ulikubali kweli. Punje zilipoanza kujaa maziwa, wakaja kwelea.

Kwa asiyewajua: ni kandege kadogo kanakoenea kwenye kiganja, lakini wanakuja kama moshi wa tanuru. Wakitua jarubani unasikia mlio kama mvua. Wakiinuka, masuke yamebaki maganda.

Nilienda kwa bwana shamba. Akanipokea vizuri, akaandika taarifa, akanieleza kwamba ndege ya kunyunyizia dawa iko mkoa mwingine, tuwe na subira. Akanisisitiza: kufukuza ruhusa, kutega sumu hapana, hiyo kazi ina wataalamu wake.

Tukafukuza. Mimi na mke wangu, kuanzia kunapambazuka mpaka giza linaingia. Makopo, kombeo, kanda za kaseti tulizofunga kwenye miti. Siku ya tisa sauti yangu ilikuwa imeisha kabisa. Mke wangu bega lilivimba, anarusha mawe kwa mkono wa kushoto.

Uchovu ule wakuu siwezi kuuelezea. Unafika mahali unaona sheria imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulima.

Siku ya kumi na moja nikaenda duka la pembejeo, nikanunua dawa ya wadudu. Muuzaji aliniuliza ya zao gani, nikamdanganya pamba. Alfajiri nikaitia kwenye dimbwi ambamo ndege walikuwa wanakunywa maji. Mke wangu sikumwambia; nilimwacha nyumbani apumzishe bega.

Saa nne walikuwa chini. Kwelea wengi, lakini na njiwa, na ninga, na mwewe mmoja mkubwa aliyekuja kuwaokota. Yule mwewe alikuwa bado anapiga bawa moja. Nilimwangalia mpaka akatulia.

Nikachimba shimo, nikafukia. Nikasema yamekwisha.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba ndege akinywa sumu hafi palepale. Anaruka kwanza.

Saa tisa mchana Mama Kabula, jirani yangu, akaja anakimbia bila viatu. Anaomba pikipiki. Baba mkwe wake, Mzee Maganga, anatapika, mate yanamtoka, jasho kama kamwagiwa maji.

Nikamuuliza wamekula nini.

"Ugali na ndege. Walidondoka kwenye viazi vyangu, nikaona Mungu kanipa mboga. Nyama nimempa mzee, mimi nimeonja mchuzi."

Nilimpakia mzee katikati, Mama Kabula akamshikilia nyuma. Njia nzima alikuwa ananiombea mimi baraka kwa kuwasaidia. Nilikuwa nasikia kila neno.

Kituo cha afya wakampokea haraka. Tabibu akamfunua macho, akauliza mgonjwa kala nini. Mama Kabula akajibu. Tabibu akauliza tena: hao ndege walikufa na nini?

Mama Kabula akasema hajui. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanaume niliyekuwepo.

Nikatoka nje, nikasimama karibu na tenki la maji. Dakika tano hivi, labda zaidi. Nilikuwa napiga hesabu ya polisi wakati mtu anashindwa kupumua upande wa pili wa ukuta. Hilo ndilo lililonileta humu kuandika, kuliko hata ile sumu.

Kisha nikarudi ndani. Nikasema, "Daktari, ni mimi. Niliweka dawa kwenye maji."

Akataka jina la dawa. Nilikuwa nimelisahau. Nikampigia mke wangu, nikamwelekeza kopo nilikolificha, anisomee maandishi. Akanisomea herufi moja moja, taratibu. Alipomaliza akauliza, "Baba Kulwa, umefanya nini?"

Mama Kabula alikuwa amesimama pale pale. Alikaa chini sakafuni, na yeye akawekewa dripu.

Mzee alipona. Siku sita wodini. Mpaka leo mikono inamtetemeka akishika kikombe.

Polisi walikuja, na afisa wanyamapori akaja. Huyu afisa hakuwa mkali. Alinieleza kwamba kwelea ni mharibifu na serikali yenyewe inamuua, lakini haijanipa mimi kibali cha kumuua kwa sumu. Akaniuliza, na njiwa, na mwewe, hao walikukosea nini? Niliandika maelezo, niko nje kwa dhamana.

Mzee aliporudi nyumbani nilienda kumwona. Nikapiga goti, nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba. Nikaomba msamaha. Akasema:

"Ungepita asubuhi utuambie tu, bhabha. Maneno mawili. Tungekula mlenda."

Wiki iliyofuata ile ndege ya serikali ikafika. Kabla yake likapita gari la matangazo siku mbili mfululizo: funga mifugo, funika maji, asile mtu ndege yeyote. Nilisimama jarubani nikisikiliza kile kipaza sauti. Na wao walikuja na sumu. Mwewe pengine wamekufa pia, sijui, na hilo bado linanisumbua. Lakini wao walisema. Mimi nilificha.

Nilichojifunza: ukiona jambo lako unalifanya kabla jirani hajaamka, na mkeo humwambii, jibu la sheria unalo tayari. Huhitaji wakili.

Mpunga nilivuna nusu. Mke wangu anaongea nami ya shambani tu.

Wanasheria mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Wakulima wenzangu, niambieni nyie mnawafukuzaje hawa ndege bila kufa kwa uchovu, nauliza kweli. Na mnaotaka kunitukana, nafasi ipo. Nitasoma zote.