Bisibisi ya Mama

Kila umeme unapokatika hapa Mahajanga na jirani akawasha jenereta, harufu ya petroli hunirudisha kijijini kwetu Marodoka, alasiri ile ya maulidi, na hasira yangu huamka upya.

Mama ndiye aliyeirekebisha jenereta ya msikiti. Aliizungusha skrubu ya gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, kidogo kidogo kwa bisibisi, macho kwenye balbu, mpaka injini ikatulia kwenye mwendo mmoja. "Asiiguse mtu," akasema.

Mjomba, kaka yake, alitaka kipaza sauti kisikike mpaka mjini Andoany. Nilimwona kwa macho yangu akiikaza ile skrubu. Injini ikanguruma, balbu zikapasuka, kipaza sauti kikatoa moshi.

Wazee wakauliza ni nani aliyeigusa. Mjomba akajibu bila haya, "Si dada yangu? Mwanamke na mashine, wapi na wapi!"

Nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono. "Nyamaza. Ni mjomba wako."

Kesho yake Mjomba huyo huyo akaja kumwomba akaitengeneze jenereta, ila apitie mlango wa nyuma wa msikiti. Mama akajifunga salova, kitambaa chake cha kujitanda, akachukua bisibisi, akaenda.

Bisibisi hiyo ninayo mimi. Kaka yangu huja kuiazima. Simpi.