Sakafu ya Bafu la Bi Opal

Verlene Stidham alikuwa na miaka hamsini na minane, na tisa kati ya hiyo alikuwa ametunza mafaili katika ofisi yetu ya kaunti, huku milimani mashariki ya Kentucky, Marekani. Ofisi ilikuwa inawatengenezea nyumba wazee wasiojiweza kwa fedha za serikali. Mimi nilikaa meza ya mbele, nikipokea simu na kuwaambia wazee wavute subira. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, kwa hiyo mengi niliyasikia mwenyewe. Mengine alinisimulia yeye.

Mwanzoni mwa Machi ilifika barua kwamba wakaguzi wa jimbo wangekuja baada ya wiki tatu. Mkuu wetu, Randall Fugate, mtu wa maneno laini anayejulikana kila kanisa bondeni, alituita sote akatugawia kazi. Kila faili lilitakiwa liwe na maombi, picha za kabla na baada ya ukarabati, saini ya mwenye nyumba kwamba ameridhika, na fomu ya kukabidhi kazi. Fomu hiyo hujazwa na ofisa aliyefika nyumbani akaiona kazi kwa macho yake. Kwa miaka miwili ofisa huyo alikuwa Randall mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa na cheo hicho aliacha kazi na hakuna aliyeajiriwa badala yake.

Verlene alikuta mafaili kumi na manne hayana fomu. Alipomwambia Randall, kesho yake akaletewa fomu kumi na nne, zote zimetiwa saini, nafasi ya tarehe iko wazi.

"Tarehe utaziweka wewe," Randall alimwambia. "Ila badilisha kalamu, dada. Zisifanane."

Nisimfanye Verlene malaika. Alijaza tano. Alitumia kalamu ya bluu, kisha nyeusi, kisha ya bluu tena, na aliniambia baadaye kwamba wakati ule alihisi uchovu tu.

Faili la sita lilikuwa la Opal Ritchie, ajuza wa miaka themanini na mmoja aliyeishi juu mlimani kando ya kijito. Picha ya "baada" ilionyesha bafu safi lenye dirisha. Bafu la Bi Opal halikuwa na dirisha. Verlene alilijua, kwani ndimo alimooshwa nywele asubuhi ya harusi yake. Ilikuwa picha ya nyumba ya watu wengine.

Saa ya chakula cha mchana alichukua gari akapanda huko. Bi Opal alimkaribisha kwa furaha, akasema mafundi walimfanyia vizuri tu, ila walimwonya asikanyage upande wa choo. Sakafu ilikuwa imetandikwa plastiki mpya yenye maua. Verlene alipiga magoti, akainua pembe moja.

Chini yake mbao zilikuwa zimeoza, nyeusi, zinateleza kama ini bovu. Maji ya choo yalikuwa yakivuja humo muda mrefu, na wadudu weupe walitambaa mle kwa mamia. Harufu ilimpanda puani akatoka mbio, akatapikia kando ya ngazi. Bi Opal alimfuata na glasi ya maji, akimwomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala Verlene aliona ndoo iliyofunikwa kwa sahani. Hakuuliza ya nini.

"Lakini ulitia saini kwamba umeridhika, Bi Opal."

"Nilitia kabla hawajaanza, mwanangu. Waliniambia nisipotia, zamu yangu inakwenda kwa mwingine."

Alipiga picha za sakafu ile, pembe kwa pembe, akarudi ofisini na magoti yake yamelowa. Hakubisha hodi kwa Randall. Alimuuliza kama aliwahi kufika kwa Bi Opal. Randall akasema amefika nyumba nyingi, hawezi kuzikumbuka zote.

"Wale wanakuja kusoma karatasi, Verlene," akasema polepole. "Hawaji kunusa vyoo vya watu."

"Mimi nimenusa."

Randall akamwambia kwamba wakaguzi wakikasirika watazuia fedha zote, na wazee mia mbili walio kwenye orodha watakaa na mapaa yao yanayovuja, na wote watajua nani wa kumlaumu. Verlene alisema kilichomkirihi zaidi ni kwamba hapo Randall hakuwa anadanganya.

Fomu tisa zilizobaki alizirudisha mezani kwa Randall, bila tarehe. Zile tano aliziacha mafailini, na nyuma ya kila moja akaweka karatasi: kazi hii haikukaguliwa, tarehe ni ya uongo, nimeiandika mimi. Chini akaweka jina lake zima. Picha za sakafu akazitia katika faili la Bi Opal.

Wakaguzi walikuja wawili. Randall alikuwa ameagiza nyama ya nguruwe, maandazi na keki ya matufaha. Mkubwa wao, mama mmoja aliyeitwa Pruitt, alichagua mafaili kumi na mawili. La Bi Opal halikuwamo, lakini mawili kati ya yale matano aliyoyatilia tarehe Verlene yalikuwamo. Alikuwa anatafuna alipofikia karatasi ya kwanza. Akaacha kutafuna.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," Verlene akasema.

"Unajua kwamba umejiandikia kosa lako mwenyewe?"

"Najua. Twende ukaone nyumba. Nitaanza kwa kukupeleka kule juu, kando ya kijito."

Walikwenda nyumba nne. Waliporudi, Bi Pruitt aliingia chooni kwetu akanawa mikono mpaka nikadhani bomba limeharibika. Keki hakuigusa tena.

Fedha zilizuiwa miezi saba. Randall alistaafu kwa heshima, na tukalazimishwa kusimama tumpigie makofi, akapewa saa ya ukutani. Mkandarasi aliyefunika uozo ule alifungua kampuni nyingine kwa jina la shemeji yake. Verlene alipewa onyo la maandishi kwa kughushi tarehe, akahamishiwa dirisha la leseni za kufuga mbwa. Kanisani watu walihama benchi lake. Mzee mmoja ambaye paa lake liliachwa nusu fedha zilipozuiwa alimtemea mate karibu na viatu, dukani, mbele ya watu, na Verlene akasema mzee yule alikuwa na haki.

Mwezi wa Oktoba mafundi wengine waling'oa sakafu ya Bi Opal mpaka kwenye magogo yake, wakaijenga upya. Bi Opal alimwita Verlene aje aione. Verlene alisimama mlangoni. Mbao zilinukia upya, lakini ilimchukua muda kukanyaga ndani. Bi Opal alikuwa tayari ameketi jikoni akipakua maharage na mkate wa mahindi, akimwita chakula kinapoa.

Nyumba kumi na mbili kati ya zile kumi na nne zilirekebishwa. Wenye hizo mbili nyingine walikuwa wamekwisha kufa.