Uji wa Mcheza Sinema wa Kawajense

Sina shida ya kumtungia mtu hadithi. Wenye kipaji cha kutunga Mpanda wapo tele, na leo nitawasema. Hili nililiona kwa macho yangu haya, mchana kweupe, jua linawaka, na mdomoni sikuwa nimeweka hata tone la pombe. Ukiniamini sawa. Usiponiamini nenda Kawajense kaulize, walioliona wapo, ingawa wengi wao siku hizi wakiulizwa ghafla wanakumbuka kwamba wana palizi shambani.

Kwanza mumjue marehemu. Aliitwa Skolastika, Mfipa, na sisi majirani tulimwita Mama Yustina kwa jina la binti yake. Usichanani aliishi kijiji cha Kasansa. Siku moja, zamani, wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam wakitafuta mwanamke wa kuigiza, wakamwona, wakampenda. Wakampa nafasi ya mke mbaya anayemtilia mumewe sumu kwenye uji. Wanaojua mambo ya sinema wanasema aliwafunika wote waliocheza naye, hata magazeti yalimwandika. Basi kosa lake ndilo hilo, alicheza vizuri.

Baadaye gari la sinema likafika Kasansa. Shuka jeupe likatundikwa, kijiji kizima kikakaa chini. Wakamwona Skolastika anakoroga sumu. Wakamwona mwanamume anakunywa, anaanguka, anakata roho. Kugeuka nyuma, huyu hapa Skolastika mwenyewe, amesimama anatabasamu, anangoja kupongezwa! Lahaula, watu walikimbia mpaka wengine wakaacha viatu.

Tangu siku hiyo akawa muuaji. Ukiwaambia ule ulikuwa mchezo, wanakuuliza, "Sasa yule mwanamume yuko wapi? Mbona hatujamwona tena?" Yule alikuwa mtu wa Dar, amerudi kwao kwa wake zake, angekuja Kasansa kutafuta nini? Watu wazima, wenye ndevu zao, wanazika mtu aliye hai kwa sababu amemaliza kazi akapanda gari. Nawadharau mpaka leo, na sioni haya kusema.

Akahama, akaja Mpanda mjini, Kawajense. Jina likamfuata, Mama Sumu. Hakuna aliyekunywa hata maji kwake. Posa ya Yustina ilivunjika palepale sebuleni: wakwe waliletewa uji wa ulezi, wakatazamana, wakachukua kofia zao. Mimi nilikuja Mpanda kwa treni, nimeolewa na mtu wa reli, Mnyamwezi mwenzangu wa Urambo. Sinema hiyo sikuwahi kuiona. Nilimkuta bibi mmoja mcheshi, mgongo umeshapinda, nikala kwake miaka yote, na mwili wangu ndio huu mnaouona. Nimekufa?

Akaugua homa, akafariki. Sasa sikilizeni vituko. Redioni wakamtaja kidogo, kwamba taifa limempoteza mcheza sinema wake wa zamani. Weee! Kesho yake Mpanda nzima ilikuwa na mapenzi na Mama Skolastika. Huyu anasema alikuwa shangazi yake, yule anasema alimfundisha kuimba kwaya. Watu waliokuwa wanavuka barabara wasipishane naye, sasa wanasema, "Nyota yetu imezimika." Nyota yenu ilikuwa inachota maji kisimani peke yake, nyie mlikuwa mnatazama wapi?

Aliyewazidi wote ni Mzee Batromeo, mwenye mashine ya kusaga na banda la video. Alikuwa anautaka udiwani, vyama vingi ndio vimeingia, na akajiteua mwenyekiti wa kamati ya arobaini. Huyu naye kwao Kasansa. Alikuwa mmoja wa waliokimbia usiku ule, na Mama Yustina aliwahi kunichekesha kwa kunionyesha alivyokimbia, kashika suruali kwa mikono miwili. Sasa akaleta turubai, televisheni, deki na jenereta, na mkanda wa ile sinema aliouagiza Dar. Akaleta na wali na nyama, vimepikwa nyumbani kwake Magamba, vikaja na tela la trekta. Akatangaza jikoni kwa marehemu kusiwashwe moto. "Tusimsumbue mfiwa," alisema.

Mfiwa gani anasumbuka kupika arobaini ya mama yake? Ujanja mtupu. Kila mtu alielewa kwamba tutamsifu marehemu ila chakula chake hatuli.

Yustina alinishika mkono, macho yamekauka. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi. Akaniambia, "Mtani, hotuba sizitaki. Nataka watu wale kwa mama, mara moja tu. Wasipokula leo ndiyo wameshahukumu, na mimi nitaitwa binti Sumu mpaka naingia kaburini." Iliniuma sana. Nikamwambia ngoja, mtani wako nipo.

Maana sisi Wanyamwezi na Wafipa ni watani, na msibani mtani ana ruhusa yake. Navaa nguo za marehemu, natembea alivyotembea, nasema alivyosema, nawatukana wafiwa, na hakuna wa kunigusa. Nikikuamuru jambo mbele ya watu, unalitii au unajivunjia heshima.

Nikachukua gauni na mtandio wa marehemu, nikaenda jikoni nyuma ya nyumba ili nikajivalie huko. Ilikuwa kama saa nane mchana. Nikasikia harufu ya ulezi. Nikasukuma mlango, nikakuta moto unawaka na chungu kinachemka, na mwanamke anakoroga. Mwanamke kijana, mrefu, shingo nzuri, ana mwanya, kavaa kitenge cha ndege wakubwa wakubwa. Nikajua ni ndugu wa Sumbawanga, kaja kwa arobaini, hajasikia katazo la mwenyekiti. Nikafurahi kweli. Wewe ungewaza nini?

Nikamwamkia, akaitika, nikaanza kuvaa. Nikainamisha mgongo nijaribu mwendo wa marehemu. Yule mwanamke akacheka.

"Mtani, unamharibu," akasema. "Mgongo ulimwinama, shingo haikuinama hata siku moja. Inua uso."

Nikainua. Niamini, mwendo ukaja wenyewe. Akanitazama akaridhika, kisha akachungulia dirishani, turubai lilipo, kilio kimepamba moto. Akasonya sonyo refu.

"Wanalia vibaya," akasema. "Mwone yule mwenye koti. Analia huku jicho moja linatafuta nani anamwona. Ingekuwa kazini ningemfukuza."

Akamwigiza Mzee Batromeo, leso usoni, jicho moja nje, na sauti ile ile ya kukwaruza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akachota uji kwa upawa, akaonja yeye kwanza, kisha akanipa. Nikanywa. Ulikuwa wa moto, mzito, una ndimu kidogo.

"Peleka," akasema, na uso wake sasa hauna mchezo. "Aanze yeye."

Nikabeba chungu na bakuli, nikatoka. Chini ya turubai wametundika mablanketi kukata mwanga, televisheni iko mbele, sinema inaendelea, na Mzee Batromeo kasimama pembeni yake anasindikiza kwa hotuba. "Marehemu alikuwa mama yangu mimi," anasema, "nilikuwa natoka kwake nimeshiba." Mnasikia uongo huo? Wasukuma walioleta ng'ombe wao mnadani wakapitia msibani, hata wao waliguna.

Nikaingia na ule mwendo. Watu wakapiga kelele, mwingine akasema, "Yesu wangu, ni yeye!" Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikajaza bakuli, nikamnyooshea. Nikasema kwa sauti ya marehemu, "Mwanangu Batromeo, ulikuwa unatoka kwangu umeshiba. Karibu tena."

Akabadilika rangi. Akasema ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia mtani hakataliwi. Akasema daktari kamkataza ulezi. Watu wakacheka, lakini niliwaona, kila mmoja anaomba kimoyomoyo bakuli lisimfikie. Yustina yuko mlangoni, mkono mdomoni. Nikajua mzee huyu akikataa, kwisha, hakuna atakayekula.

Hapo ndipo nilipotazama televisheni.

Kwenye kioo alikuwa yule mwanamke wa jikoni. Mwanya ule, shingo ile. Sinema yenyewe haina rangi, lakini kitenge ni cha ndege wale wale niliowaacha jikoni. Alikuwa amefika pale pa kumpa mumewe uji, bakuli mkononi, mume amekaa kwenye kigoda anapokea. Akasita. Akamwacha mume na mikono yake hewani. Akageuka taratibu, akatutazama sisi, halafu akamtazama Mzee Batromeo, akamnyooshea bakuli.

Na akabaki hivyo hivyo.

Kuna mjanja mmoja leo anadai mkanda ulikwama. Ulikwama vipi? Nyuma yake kulikuwa na kuku kwenye ule uwanja wa sinema, na kuku waliendelea kuparua. Majani ya mgomba yaliendelea kupepea. Yeye alisimama tu, anapepesa macho, anasubiri. Kijana anayeendesha jenereta akaizima, akachomoa na waya. Jenereta ikanyamaza, na mwanamke bado yuko kwenye kioo na bakuli lake. Nasema kweli tupu, Mungu ananisikia.

Hakuna aliyekimbia safari hii. Sijui kama ni ushujaa au miguu iligoma. Mzee Batromeo alikuwa anatetemeka mpaka vifungo vya koti vinagongana. Akanipokonya bakuli, akanywa. Akanywa mpaka tone la mwisho, uji unamchuruzika kidevuni, machozi yanamtoka, na safari hii macho yake yote mawili yalikuwa kwenye kioo. Alipomeza funda la mwisho, yule mwanamke akatikisa kichwa kidogo, kama fundi anayekubali kazi ya mwanafunzi wake. Kioo kikawa cheusi.

Nikawageukia wengine. "Nani anafuata?"

Walipanga mstari, nawaambia! Wakubwa kwa wadogo, walinyweshwa uji wa Mama Sumu kimya kimya, na chungu kilitosha watu wote wale, tena kilikuwa chungu cha kawaida tu. Hakuna aliyeanguka. Hakuna hata aliyeumwa tumbo. Wali wa Magamba ulilala kwenye tela mpaka ukachacha. Yustina alikaa chini kwenye mkeka, akalia, kilio kirefu cha mtu aliyefiwa na mama. Nikamwacha alie.

Jioni nikarudisha chungu jikoni. Jivu lilikuwa baridi. Juu ya mafiga buibui alikuwa ametanda, na utando mzima haujaguswa. Nikamuuliza Yustina mgeni wake kutoka Sumbawanga ameenda wapi. Akanitazama. "Mtani, mgeni gani? Jikoni niliufunga mlango asubuhi, mwenyekiti alipokataza moto, na ufunguo huu hapa."

Yamepita miaka kadhaa. Mzee Batromeo udiwani aliuacha kabla hata ya kuchukua fomu, na msibani siku hizi anakaa nyuma, hotuba hatoi. Mimi nimeacha kuvaa nguo za marehemu. Watani wenzangu wananicheka, wacha wacheke. Maana nikigusa tu mtandio wa marehemu nasikia shingo yangu inainuliwa na mkono ambao siuoni, na sonyo linanitoka kabla sijajua ninamsonya nani. Halafu namtazama anayelia kwa nguvu kuliko wote, namwuliza swali moja tu, "Uliwahi kula kwake?" Wengi hukumbuka palizi pale pale. Si kwamba nataka kumwumbua mtu, linanitoka lenyewe.

Basi na wewe unayenisikiliza, redio ikikutangazia kwamba mcheza sinema fulani wa zamani amefariki, na ukasikia ulimi unakuwasha kusema ulimpenda, jiulize kwanza kama ulimpa hata salamu. Kama hukumpa, nyamaza. Wale kujifanya ndiyo iliyokuwa kazi yao, na uongo wako wanaujua ungali mdomoni. Na ukiendelea kusema, usishangae bakuli likinyooshwa kwako.