Zawadi Zilizokatwa Pichani

Mimi ni mtu wa haraka, na kaka yangu ni mtu wa kupiga pasi. Mchana mmoja mambo hayo mawili yalikutana studio kwetu, Ujiji.

Tuna kompyuta mbili, na picha zote hukaa kwenye kisanduku kimoja cha kuhifadhia data chini ya meza, kilichounganishwa nazo kwa mtandao. Siku hiyo nilikuwa na picha za harusi, zile za kutoa zawadi. Huku kwetu mtu akimtunza bibi harusi lazima apigwe picha na alicholeta, la sivyo watasema alifuata pilau. Kuzirekebisha moja moja ningezeeka. Nikaiamrisha kompyuta izipitie zote kwa mkupuo: iangaze, iweke uso katikati, ikate kandokando, ihifadhi palepale juu ya picha ya awali. Kadi ya kamera nilishaifuta kwa ajili ya mahafali ya chekechea. Nikaenda zangu kunywa chai.

Kaka naye, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akataka kunyoosha kanzu. Akachomoa kifaa cha mtandao, akachomeka pasi. Niliporudi, kompyuta inalalamika kwamba haikioni kisanduku, na kaka ananukia udi.

Kazi ilikuwa imeishia katikati. Upande wa bibi harusi, waliotangulia kutoa, walikuwa wamekatwa wote: nyuso zinang'aa, zawadi hakuna. Mama aliyejitwika sufuria kichwani alibaki ameinua mikono kama anayesalimu amri. Upande wa bwana harusi haukuguswa. Jiko la gesi lipo, vitenge vipo, hata ndoo. Ungeapa kwamba ukoo wa bibi harusi ulikuja mikono mitupu.

Na aliyekuja kuchagua picha za albamu ni shangazi yake bibi harusi, aliyemlea tangu utotoni na kumletea godoro kwa boti kutoka Mwamgongo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akainamia kioo cha kompyuta. "Godoro langu liko wapi?"

Pichani alikuwa amekumbatia hewa. Nilitafuta uongo, nikaukosa. Nikamweleza yote, kaka akijifanya anakagua mikunjo ya kanzu.

"Wakwe wakiiona hii, mwanangu, nitaificha wapi sura yangu?"

Niliona aibu kweli, maana godoro lile nililiona kwa macho yangu likiingia ukumbini, limelowa ncha moja kwa maji ya ziwa.

"Twende tukapige upya, hukohuko liliko," nikasema. Wenzake wa upande ule ningewafuata baadaye.

"Nyumbani kwa wakwe? Naendaje bila kuitwa?"

"Mpiga picha ndiye anayekuita."

Hakusubiri niseme mara ya pili. Alikuwa mlangoni kabla sijachukua kamera.

Bibi harusi alipotuona aliacha ufagio, akamrukia shangazi yake shingoni. Shangazi akaikagua nyumba nzima kwa kisingizio cha kutafuta mwanga mzuri: jikoni, chumbani, hadi chini ya kitanda. Akafunua sufuria, akaonja maharage, akasema chumvi haitoshi. Mashuka yakatolewa, godoro likasimamishwa, nikapiga. Shangazi akataka turudie, kisha turudie tena, na kila tulipomaliza akakumbuka kwamba mtandio wake haukukaa vizuri. Mwishowe mimi ndiye niliyesema inatosha, tena kwa ukali kidogo, maana mahafali yalikuwa yananingoja.

Njia nzima ya kurudi aligeuka kutazama tulikotoka. Tulipofika studio nikazihifadhi picha kwenye kisanduku, kwenye kompyuta na kwenye flashi, kaka akiwa amepigwa marufuku kusogelea umeme. Shangazi alisimama nyuma yangu akitazama.

"Sasa ziko salama?"

"Salama kabisa, shangazi. Haziwezi kuharibika tena."

Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, pale binti alipokuwa anacheka.

"Hata kidogo tu, mwanangu? Huwezi kuziharibu?"