Dawa ya Panya na Maharage ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika kwetu na vitu viwili tu: jembe lisilo na mpini na mfuko wa mbegu za maharage. Alikuwa amekimbia vita kutoka Kibumba kwa miguu, akakaa kambi ya Kanyaruchinya chini ya hema, na hema zilipoondolewa akashuka hadi mlangoni kwetu hapa Goma. Sufuria zake, kondoo wake na nguo zake vilibaki njiani. Nilipotaka kumpokea mzigo alinipa jembe, na mfuko akaingia nao mwenyewe.

Mimi si mtu wa subira, na mfuko ule uliniudhi tangu siku ya kwanza. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za mji huu, na katikati ya mawe hayo kuna nyufa ambazo mwisho wake anaujua Mungu peke yake. Humo ndimo panya wanamoishi. Huwezi kuchimba, huwezi kuziba. Tulikuwa tumezoeana nao: wao chini, sisi juu, na mara mojamoja wanapanda kuiba sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tulizoanika. Mfuko wa mama ulipoingia, wakahamia juu moja kwa moja. Wakatafuna sabuni, wakatafuna viatu vya shule, na asubuhi moja binti yangu akaamka kidole cha mguu kinatoka damu.

“Mama,” nikamwambia, “iyi mbegu njo inaleta mapanya. Tuipike, tuimalize.”

Alinitazama kama nimesema tupike mtoto.

“Mama ya batoto,” akasema, “mutu akikula mbegu, anakula na mwaka wenye unakuya.”

Mbegu hizo alipewa na mama yake mzazi alipoolewa. Ni maharage ya kupanda mitini, ya rangi ya kahawia yenye mistari myeupe, na kila mavuno yeye huketi na ungo mapajani akichagua punje nzuri kabisa za kuweka. Mume wangu alikulia kwenye maharage hayo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alikuja na jembe lake, ila sisi hatuna shamba, tuna mawe. Basi alikuwa akikaa kando ya mfuko, anafungua, anaingiza mkono, anasikiliza punje, anafunga tena. Nilimtania kwamba anahesabu kondoo wake waliopotea. Hakucheka, nami nikaona aibu.

Nilinunua dawa kwa yule mwanamume anayepita mtaani na kipaza sauti, amebeba fimbo iliyoning'inizwa panya waliokauka ili watu waone kazi yake. Dawa yenyewe ni nafaka iliyotiwa sumu na kupakwa rangi nyekundu, ili mtu asije akaidhania chakula. Niliweka punje hizo ndani ya makopo ya sardini, nikayasukuma chini ya sakafu mahali mkono wa mtoto haufiki, na mengine nyuma ya kitanda cha mama, karibu na mfuko. Watoto niliwaonya kwa maneno na kwa fimbo mkononi. Asubuhi nilikuta makopo ni matupu, nikayajaza tena. Yakawa matupu tena.

Kisha harufu ikaanza. Panya walikuwa wanafia ndani ya nyufa, na kwa kuwa mawe hayafukuliki, tulikula, tulisali na kulala juu ya maiti zao hadi zikakauka zenyewe. Lakini kelele ziliisha. Nilitembea ndani ya nyumba yangu kifua mbele. Nilimwambia mama kwamba sasa mbegu yake ina askari.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Butembo. Wakati vita vilipoingia mjini alikuwa upande wa pili, na barabara ikafungwa. Risasi zililia, tukalala chini tukiwa tumeziba madirisha kwa magodoro. Ziliponyamaza, soko halikufunguliwa, maghala yalikuwa yamevunjwa, na mimi nilikuwa na unga wa kikombe kimoja. Nikaukoroga uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Siku iliyofuata hata huo haukuwapo. Watoto waliacha kuniomba chakula, na hilo liliniogopesha kuliko risasi. Mtoto anayelia bado ana nguvu.

Sikumwomba mama chochote. Nilitaka sana, lakini sikuomba. Yeye mwenyewe aliinuka kitandani, akaburuta mfuko hadi katikati ya chumba.

“Leta nyungu,” akasema. “Batoto habatakufa juu ya mbegu yangu.”

Nikaweka chungu motoni. Akafungua kamba ya mfuko. Akamimina maharage kwenye ungo, akaanza kuyapepeta polepole, kama mtu anayeaga. Mwenye njaa hana miko, lakini yeye miko alikuwa nayo, nami niliona jinsi ilivyokuwa inamvunja. Halafu akasimamisha mkono.

“Iyi ni nini?”

Katikati ya maharage kulikuwa na punje nyekundu. Akachota tena kutoka ndani zaidi: punje nyekundu. Akayachota yote hadi chini, akayamwaga juu ya mkeka, na kwenye kona ya mfuko tukakuta tundu, na kando yake rundo zima, limepangwa vizuri kama akiba ya mtu mwenye akili. Panya hawakuwa wakila dawa yangu yote. Nyingine waliibeba, wakaiweka ghalani, na ghala lao lilikuwa mfuko wa mama.

“Ni dawa ya panya, mama,” nikasema.

Rangi ilikuwa imeambukiza maharage. Mengine yalikuwa na doa, mengine vumbi jekundu tu.

“Tutasafisha,” nikasema. “Tutasafisha mara mingi, tumwange maji.”

“Utajua namna gani yenye ilikamata sumu na yenye haikukamata?”

Maji ya chungu yalikuwa yanachemka bure. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, nikawachukia panya, na mama pia nilimchukia kidogo, kwa sababu yeye hakulia. Alitoa punje nyekundu mojamoja, akazitupa chooni, akarudisha maharage mfukoni na kushona lile tundu. Yasiyolika bado yanaweza kuota. Tuliokolewa na jirani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema. Alifungua mlango wake wa nyuma na kugawia kila nyumba unga kwa bakuli. Tukala ugali na chumvi.

Barabara ya Kibumba ilipotulia, mama alitia jembe mpini, akarudi. Alipanda. Alitutumia salamu kwamba maharage yameota, yamepanda miti hadi juu ya kichwa chake, na kwamba hakuna hata moja lililotoka jekundu. Nilicheka peke yangu jikoni. Mume wangu, ambaye naye alikuwa amesharudi, alisema tutakwenda sote kuvuna.

Hatukwenda. Milio ilirudi kabla ya mavuno kuanikwa, na jioni moja mama alisimama tena mlangoni. Safari hii hata jembe hakuwa nalo. Alikuwa na kitenge mgongoni kama anayebeba mtoto, na ndani yake maharage, robo ya yale ya kwanza. Nilimvua viatu, nikamwosha miguu. Nikamwonyesha pipa la chuma lenye kifuniko nililokuwa nimenunua kwa ajili yake.

“Panya habataingia humu, mama.”

Alilipiga pipa kwa kiganja, akatikisa kichwa.

“Ile dawa ya panya ingali?”

“Ya nini? Panya habawezi kufungua pipa.”

“Haiko ya panya,” akasema. “Ni ya sisi. Ile siku nilikuwa nimekwisha kufungua kamba. Kama haikukuwa ile dawa, tungeikula yote, na leo singekuwa na kitu ya kubeba. Tia dawa, juu tusiikule.”

Nilimwambia hapana. Nilimwambia akili zimemtoka, kwamba watoto ni watoto. Hakubishana. Akaketi akaningoja, na mimi namjua: hachoki. Mwishowe nikampa dawa.

Punje nyekundu alizichanganya na maharage yeye mwenyewe, akitumia kijiti, kisha akayatia yote katika mfuko mwingine na kushona mdomo wake. Mume wangu aliutundika kwenye boriti, mahali pasipofikiwa na mtoto hata akipanda juu ya meza. Pipa sasa tunawekea maji. Leo asubuhi watoto wamekunywa chai bila kitu. Mama ameutazama mfuko, nami nimeutazama, kisha nimekwenda kuosha vikombe. Barabara ya Kibumba bado imefungwa.